Bendi za DCI: shoo ipigiwe majaji au ipigiwe waliokaa jukwaani?

Mpwani wa Indiana (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Humu wengi wetu ni wapenzi wa matarumbeta ya harusi, bendi za jeshi na za makanisa. Leo naomba tuyajadili mashindano ya Marekani ya Drum Corps International, yaani DCI. Nimeyafuatilia miaka mingi, nayapenda kwa dhati, na kuna jambo linaniuma kuhusu yanakoelekea.

Kwa msioyajua: ni bendi za vijana wasiozidi miaka 21 wakati msimu unaanza. Wanapiga vyombo vya shaba na ngoma, hakuna saksafoni wala filimbi, huku wakitembea na kukimbia uwanja mzima wa mpira wa Kimarekani kwa michoro iliyopangwa hatua kwa hatua. Kuna pia kikosi cha bendera ambacho hucheza na kurusha bendera, bunduki za mbao na panga. Bendi moja inaweza kuwa na watu 165. Kiangazi chote wanazunguka nchi kwa mabasi, wanalala sakafuni kwenye kumbi za michezo za shule, wanafanya mazoezi juani kutwa, usiku wanashindana. Fainali ni Agosti, Lucas Oil Stadium, Indianapolis, ambako zimekuwa zikifanyika tangu 2009.

Alama ni 100. Muziki una 30, upande wa macho (mwendo, michoro, bendera) una 30, na mvuto wa jumla una 40. Majaji wa mvuto wanatakiwa wapime jinsi shoo inavyogusa akili, hisia na jicho la mtu anayependa kitu kizuri. Kwa hiyo kwa mujibu wa kanuni, kumgusa mtazamaji ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote. Basi kwa nini kila mwaka watu wanatoka uwanjani wakilalamika kwamba shoo zinatungiwa majaji?

Jibu langu ni hili. Katika msimu, baada ya mashindano, walimu wa bendi hukaa kikao na majaji. Wanaambiwa hapa sijaelewa, pale mmekatisha wazo mapema, mwisho haujanifikisha. Kesho yake asubuhi mazoezini sehemu hiyo inaandikwa upya. Shoo ya Juni na shoo ya Agosti ya bendi ile ile zinaweza kutofautiana sana. Aliyenunua tiketi hana kikao. Anaweza kushangilia au kunyamaza tu. Halafu jaji ataikuta shoo hiyo tena wiki mbili mbele, wakati mama wa mji mdogo wa Ohio aliyeleta watoto wake anaiona usiku mmoja tu.

Msimamo wangu: shoo iwe ngumu wanavyotaka, iwe na siri za kugunduliwa mara ya tano, lakini iwe na mlango wa kumwingiza mtu wa mara ya kwanza. Isipokuwa nao, imepungukiwa hata ikichukua ubingwa. Karibuni.

Kijana wa Ilala

Mkuu uzi umenivuta, naweka kambi hapa. Swali: asili yake ni jeshi? Na hao majaji ni akina nani?

Mpwani wa Indiana

Ndiyo mkuu. Zilikua chini ya vyama vya maveterani, VFW na American Legion, vilivyokuwa na mashindano yao na masharti yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bendi kubwa zikaamua kujisimamia zenyewe, ndipo DCI ikazaliwa. Fainali ya kwanza ilikuwa 1972 mjini Whitewater, Wisconsin, na Anaheim Kingsmen wakawa mabingwa. Majaji wengi ni walimu wa muziki na wa mwendo, na wengi wamewahi kupita kwenye bendi hizo.

Zamani hukumu ilikuwa ya kijeshi kweli. Jaji alitembea kati ya wapigaji akihesabu makosa: mguu umechelewa, fimbo mbili za ngoma hazikugusa pamoja, inakatwa sehemu ya kumi ya alama. Mfumo huo uliachwa msimu wa 1984. Ukikatwa kwa kila kosa, unatunga kitu chepesi unachoweza kukipiga bila dosari. Ulipoondoka, wabunifu wakapata ruhusa ya kuthubutu. Tayari Garfield Cadets wa New Jersey walikuwa wameanza, na michoro ya George Zingali isiyo na ulinganifu wa kushoto na kulia, watu wanakimbia kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Walichukua ubingwa 1983, 1984 na 1985 mfululizo. Ubunifu ukafunguliwa hapo, na ugomvi huu tunaouzungumza nao ukaanza kukua.

Nota Saba

Mpwani, nakuheshimu, ila napinga. Sanaa ikisubiri ruhusa ya jukwaa haisogei.

Mfano ambao kila shabiki wa DCI anaujua ni Star of Indiana 1993. Bendi hii ilianzishwa na tajiri Bill Cook, ikaingia uwanjani 1985, na kufikia 1991 ilikuwa bingwa kwa muziki wa Respighi: sauti kubwa, misalaba mikubwa inayogeuka uwanjani, watu wakaipenda. Wangeweza kurudia hicho hicho. Badala yake 1993 wakaleta kazi za watunzi Barber na Bartók. Muziki mkavu, wa wasiwasi, wenye kimya kirefu katikati. Miili ya wapigaji ikaanza kucheza, wanajipinda, wanainama, vyombo vinashuka na kupanda kama sehemu ya ngoma yenyewe. Hakuna mahali palipokuambia "sasa shangilia". Baadhi ya viwanja waliwazomea. Vijana wa miaka kumi na nane waliofanya kazi mwaka mzima wanazomewa!

Fainali Jackson, Mississippi, walipata 97.3. Cadets of Bergen County walipata 97.4 wakawa mabingwa. Sehemu moja ya kumi. Star hawakurudi tena kwenye mashindano. Wakageuka kundi la jukwaani, na kutoka humo ikazaliwa shoo ya Blast!, iliyoanzia London 1999, ikafika Broadway, kumbi kubwa za maonyesho za New York, na kupata tuzo ya Tony, ya maonyesho ya jukwaani, mwaka 2001.

Sasa tazama bendi za leo. Kila moja wapigaji wake wanacheza kwa mwili. Kila moja inatumia kimya. Zote zinakula shamba alilolima Star. Kama 1993 wangelisikiliza jukwaa, haya yote yangechelewa au yasingekuwapo. Hao waliozomea ndio leo wanaiita shoo bora katika historia.

Binti Kisauni

Kaka Nota Saba, umesema kweli kuhusu Star na hata mimi naipenda shoo ile. Lakini wewe umeipendea kwenye video, tena ukiwa unajua tayari ni kazi kubwa. Aliyekuwa uwanjani Juni 1993 hakupewa nafasi hiyo.

Mimi nitaje Phantom Regiment 2008. Bendi ya Rockford, Illinois, yenye sifa ya kupiga muziki wa okestra miaka nenda rudi. Mwaka ule walileta Spartacus, na hawakuficha kitu. Kuna watumwa, kuna Warumi, kuna mapenzi, kuna uasi. Mtoto wa darasa la tatu angeifuata hadithi. Kuna mahali vijana wanapaza sauti mmoja mmoja kwamba wao ndio Spartacus, na kadiri kiangazi kilivyosonga watu jukwaani wakaanza kupaza nao. Fainali ilikuwa Bloomington, na ukiisikiliza rekodi yake unasikia uwanja mzima umekuwa sehemu ya bendi.

Walishinda kwa 98.125, Blue Devils 98.100. Tofauti ni sehemu ishirini na tano za elfu. Kwa tofauti ndogo kiasi hicho siwezi kuamini kwamba kelele za watu hazikupenya kwenye kalamu za majaji. Jaji naye ana masikio.

Na nani atasema haikuwa sanaa? Muziki wa Khachaturian si mwepesi, na shaba za Phantom zilikuwa na sauti nene iliyopangwa kwa uangalifu hadi pumzi ya mwisho. Kueleweka hakukupunguza chochote.

Mwalimu wa Kwaya

Habari zenu. Niko Nakuru, nimefundisha kwaya za shule na nimekaa meza ya majaji kwenye matamasha ya muziki ya shule Kenya, kwa hiyo nitaliongelea kwa upande wa meza.

Jaji anayesikiliza wimbo ule ule wa lazima shule baada ya shule anaanza kutafuta kitu kipya. Anayempa kitu kipya anamshukuru, wakati mwingine kupita kiasi. Baba wa mtoto aliyekaa nyuma hajachoka na wimbo huo, yeye kaja kusikia darasa moja tu. Tunasikiliza kwa njaa tofauti. Hilo nadhani ndilo linalotokea huko kwenu DCI: jaji na walimu wote wameshiba melodia, wakapeana moyo kwenda mbali zaidi, na mwenye njaa ya melodia akaachwa nyuma.

Kwetu kuna desturi moja ningependa muige. Baada ya shule kuimba, jaji husimama mbele ya ukumbi akaeleza alichosikia, wazazi na wanafunzi wote wakisikiliza. Ukijua utasema mbele ya watu waliosikia kwa masikio yao, unapima maneno yako. Vikao vya milango iliyofungwa vinatengeneza lugha ya watu wachache.

Mpwani wa Indiana

Mwalimu, hapo kwa njaa umenisemea kitu nilichokuwa nakitafuta. Asante sana.

Nota Saba

Mwalimu, naheshimu uzoefu wako. Lakini jaji aliyeshiba ndiye anayejua kipi kimeshafanywa mara mia.

Chukueni Blue Devils wa Concord, California. Mashabiki wanawalalamikia kuliko bendi yoyote: melodia inakatwakatwa, mada ni za vitabuni. 2012 walileta shoo kuhusu Dada, ile harakati ya wasanii wa Zurich wakati wa Vita vya Kwanza. 2014 wakaleta ulimwengu wa filamu za Fellini wakapata 99.65, alama ya juu kuliko zote katika historia ya DCI. Wana ubingwa zaidi ya 20. Je, wanashinda kwa kuwa majaji wanapenda mambo magumu? Hapana. Tazama miguu yao. Tazama mtu wa mwisho pembeni, yule ambaye hakuna anayemtazama, anavyocheza kama vile kamera yote iko kwake. Wanashinda kwa utendaji, na utendaji ule huwezi kuufikia kwa kutunga kitu chepesi. Wanaolalamika hawataki kulitamka hilo.

Kijana wa Ilala

Wakuu, nimetumia bando la wiki nzima kuangalia mlizotaja. Naomba nitoe maoni ya mtu asiyejua chochote, kwa sababu mimi ndiye yule mtu wa mara ya kwanza mnayemgombania.

Star 1993: nilikaa kimya mwanzo mpaka mwisho, sikuelewa, ila sikuweza kuizima. Spartacus: nywele zilisimama. Blue Devils 2014: nilistaajabu watu wale wanavyojua, lakini baadaye sikuweza kumwambia mtu yeyote nilichokiona.

Halafu video ikanipeleka yenyewe kwa bendi ya Bluecoats 2014. Mwishoni kuna mahali bendi nzima inapiga mdundo mmoja mkubwa wa sauti halafu sauti ile inateleza yote kwa pamoja kwenda chini, kama ardhi imeinama. Nilirudisha, nikarudisha tena. Ni nini kile?

Mpwani wa Indiana

Hapo umegusa penyewe mkuu! Shoo inaitwa Tilt, na jina lenyewe ni hiyo kuinama. Ni shaba zikichanganywa na vinanda vya umeme. Ruhusa ya vinanda hivyo ilianza 2009. Kabla yake, 2004, ziliruhusiwa maikrofoni na spika, na 2000 vyombo vya shaba vya ufunguo wowote. Kila ruhusa ilipotoka wazee walisema mchezo umekufa.

Sasa jiulize kwa nini mlio ule ulikuita urudi. Mwanamuziki anaweza kukuandikia kurasa kuhusu namna ulivyotengenezwa. Lakini wewe huko Ilala, bila maelezo, mwili wako uliuelewa. Wazo la shoo nzima, kuinama, limewekwa ndani ya sauti moja. Mlango ndio huo ninaousema. Walishika nafasi ya pili mwaka ule, nyuma ya ile 99.65, na hadi leo ukikutana na shabiki atakuuliza kama ulikuwepo siku ya mlio ule.

2016 wakarudi na Down Side Up. Wameweka majukwaa yenye mteremko uwanjani, vijana wanapanda na kuteleza kutoka juu, kofia ndefu za kijeshi zimeachwa nyumbani, nyuso zinaonekana. Ukiitazama unaona watu wanaofurahi kuwa pale. Wakachukua ubingwa wao wa kwanza. Bendi ya Canton, Ohio, iliyokaa miaka mingi ikiitwa "karibu wataweza". Nota Saba, uniambie: hiyo ilikuwa ni kujishusha kwa ajili ya jukwaa?

Nota Saba

Hapana. Ile ilikuwa kazi kubwa, nakiri bila kusita. Lakini usisahau: Bluecoats waliruka kutoka kwenye paa ambalo Star walilijenga.

Mzee wa Ngamiani

Wanangu, nimesoma kwa furaha. Niko Tanga. Mnazungumza kama jambo hili ni la Marekani tu, na wazee wetu walilipitia kwenye beni. Bendi za askari wa kikoloni zilipopita pwani, watu walichukua matarumbeta, ngoma kubwa, sare, vyeo na gwaride, wakavifanya mchezo wao wa mashindano. Mombasa kulikuwa na vikundi vya Kingi na Skochi. Huku kwetu Tanganyika kulikuwa na Marini na Arinoti, miji ikigawanyika pande mbili.

Huko jaji wa meza hakuwepo. Mshindi aliamuliwa na mtaa: nani kavutia watu wengi, nani kavaa vizuri, nani kaimba maneno makali, nani kalisha wageni wengi. Na ubaya wake ulijitokeza. Watu walifuja mali kushindana kwa sherehe, na aliyekuwa na fedha alikuwa na faida kubwa hata kama mpigaji wake hakuwa hodari. Kwa hiyo mkitaka kuwaachia watu wa jukwaani hukumu yote, fikirini vizuri. Jukwaa pia linanunulika.

Binti Kisauni

Shikamoo mzee. Hili la Kingi na Skochi limenigusa, huku kwetu Mombasa ni majina ambayo vijana wengi hawajawahi kuyasikia. Natamani ufungue uzi wake.

Mzee wa Ngamiani

Marahaba binti yangu. Nitaufungua inshallah.

Mhasibu Ughaibuni

Naona hakuna aliyegusa fedha. Bendi hizi ni mashirika yasiyo ya faida. Kijana mwenyewe hulipa maelfu ya dola ili apate nafasi ya kulala sakafuni na kupiga tuba juani. Mafuta ya mabasi, malori ya vyombo, jiko linalotembea, walimu, haki za kutumia nyimbo za watunzi, vyote vinapanda bei. Na sasa kuna spika, majukwaa na mapambo makubwa. Santa Clara Vanguard, mabingwa wa 2018, hawakushindana 2023 kwa sababu za fedha. Sisemi shoo ngumu ndiyo iliyowafikisha hapo, la. Nasema hali ni dhaifu kiasi kwamba watu wa jukwaani hawawezi kuchukuliwa kama wageni waalikwa.

Zamani kulikuwa na bendi zilizojua hili kwa damu. Bridgemen wa Bayonne, New Jersey, na makoti yao marefu ya manjano, walikuwa wanajiangusha uwanjani wote kama wamezimia. Velvet Knights wa Anaheim walivaa raba nyekundu na kufanya vichekesho. Hakuna hata moja iliyowahi kuwa bingwa wa DCI. Watu walisafiri kuzitazama. Madison Scouts nao walikuwa kipenzi cha watu, na 1988 wakawa mabingwa huku wakifunga na Malagueña kwa sauti ya kupasua anga, kwa hiyo si kweli kwamba mpendwa wa watu hashindi kamwe. Ila nafasi ya bendi ya kuchekesha leo siioni. Kila shoo ina uzito, kila shoo ina maumivu ya nafsi. Nawapenda vijana hawa, na ningependa kuwaona wakicheka uwanjani mara moja moja.

Mwalimu wa Kwaya

Hilo la kicheko ni kweli tupu. Kuchekesha kwa muziki, kwa wakati sahihi, watu zaidi ya mia wakiwa pamoja, ni kugumu kuliko kuhuzunisha. Fomu ya majaji ingelitambua hilo, bendi zingejaribu.

Fundi wa Bomba

Wakuu, nafundisha bendi ya vijana ya kanisa Morogoro, tuna mashindano ya dayosisi. Tuna tarumbeta, tromboni mbili, ngoma na vijana wenye moyo. Majaji wetu wanapenda nyimbo za vitabuni, waumini wanapenda mapambio. Mpwani, kwa hiyo mlango wako, ungefanya nini?

Mpwani wa Indiana

Mkuu, kwa nilichokiona kwenye shoo ninazozipenda: usigawanye muda, nusu ya jaji na nusu ya waumini. Wote watatoka na nusu. Chagua pambio moja wanalolijua, ulivunje. Mpe tromboni mmoja vipande vinne vya mwanzo, peke yake, polepole, mpaka watu waanze kujiuliza "hii si ile?" Halafu nenda nao kwenye ugumu wako: badilisha ufunguo, badilisha mapigo, waache vijana watembee wakipishana. Jaji atapata kazi ya kuandika. Waumini wanasubiri pambio lirudi, na kwa kuwa wanasubiri, watakusikiliza hata kwenye sehemu wasizozielewa. Ukilirudisha, lirudishe na watu wote, ngoma zote, na vijana wako wakiwatazama watu machoni. Na usiku wa kwanza kaa nyuma kabisa ya ukumbi, uangalie ni wakati gani watu wanaanza kuongea wao kwa wao. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Fundi wa Bomba

Nimeandika yote mkuu. Tromboni yangu mmoja ana sauti nzuri sana, na ni mwoga. Nitampa yeye mwanzo.

Nota Saba

Ushauri mzuri, na mimi ningeongeza kimya: kabla pambio halijarudi, simamisheni kila kitu kwa pumzi mbili. Star walifanya hivyo 1993 uwanja mzima ukiwa haujui la kufanya.

Mpwani, kwenye hoja yako ya msingi bado sijahama. Mlango ni mzuri, ila kila kizazi pawe na bendi moja ambayo haiujengi, ikubali kuzomewa, na wengine waje kujifunza kwake baadaye. Ninachokuunga mkono ni vikao vya majaji kufunguliwa. Wakifanya hivyo nitakuwa wa kwanza kukata tiketi ya kusikiliza.